Fielder au Impreza: nilivyochagua kati ya wagoni mbili ndogo za 4WD

Orodha yangu ilianza na magari mengi ikaishia kwenye mawili, Toyota Corolla Fielder na Subaru Impreza ya wagoni, yote ya kizazi kilichozinduliwa Japani mwezi Agosti 2000, yote ya lita 1.5, yote ya giaboksi ya otomatiki, na yote yakiendeshwa kwa magurudumu manne. Nilitaka gari dogo lenye buti la kutosha mizigo ya familia, ambalo siku nyingi lingetembea kwenye lami, lakini lisinitelekeze kwenye kipande cha mwisho cha njia yangu, ambacho ni mlima mfupi wa udongo wa mfinyanzi unaogeuka sabuni kila mvua inaponyesha. Gari kubwa la porini lingekuwa mzigo kwa kazi ya namna hiyo, na gari la kawaida linalovutwa na magurudumu ya mbele lilikuwa limeshanizoesha kuegesha chini ya mlima na kumalizia kwa miguu.

Kwenye makaratasi ilikuwa vigumu kuyatenganisha. Kila moja lina upana wa milimita 1,695, jambo ambalo si sadfa, kwa sababu kanuni za Japani huliondoa gari kwenye daraja la magari madogo pindi upana wake unapozidi milimita 1,700. Injini zao hutoa kiasi cha nguvu za farasi 100 kila moja, na tofauti iliyopo ni ndogo mno kusikika mguuni. Niliowaomba ushauri walinijibu kwa mapenzi zaidi kuliko kwa hoja: mwenye Subaru aliniambia ninunue Subaru, mwenye Toyota akaniambia ninunue Toyota, na kila mmoja alikuwa na jamaa yake aliyeteswa na gari la aina ile nyingine. Swali lililonisaidia lilikuwa jembamba zaidi: gurudumu la mbele likianza kuteleza, nguvu inafikaje nyuma, na mfumo unaoifikisha unamdai nini mwenye gari?

Katika Fielder, injini imekaa kwa upana wa gari, kama ilivyo kwenye Corolla yoyote ya wakati ule. Nguvu huanzia kwenye magurudumu ya mbele, kisha sehemu yake hugeuzwa kona ndani ya kisanduku kidogo cha gia kilichoshikamana na giaboksi, ikasafiri kwenye propela shafti, ule mhimili mrefu unaopita chini ya gari, hadi karibu na difu ya nyuma, yaani kisanduku cha gia kinachoyaruhusu magurudumu ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti, ambako hukutana na kifaa chenye sahani nyingi nyembamba zilizozama ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yanapozunguka kwa kasi inayolingana, sahani hizo huzunguka pamoja na hakuna nguvu ya maana inayopita kati yake. Ya mbele yakianza kuteleza, sahani za upande wa mbele huzizidi kasi zile za nyuma, mafuta yaliyo katikati hukataa kukatwa, na ukinzani huo ndio unaoikokota ekseli ya nyuma. Toyota iliuita mfumo huo V-Flex. Hauhitaji kompyuta ya kuuamuru wala swichi ya kubonyeza, lakini kwa maumbile yake hauwezi kuanza kazi mpaka kitu kiteleze kwanza.

Impreza imepangwa kwa namna nyingine kabisa. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, injini imekaa kwa urefu wa gari, giaboksi iko nyuma yake katika mstari uleule, na shafti ya kwenda nyuma hutoka moja kwa moja bila kugeuzwa kona. Kwenye otomatiki yake ya gia nne, mwishoni mwa giaboksi kuna klachi ya sahani nyingi inayobanwa na shinikizo la mafuta kwa amri ya kompyuta, na kompyuta hiyo haingoji mtelezo peke yake, kwani husoma pia ulivyokanyaga pedali ya mafuta na gia uliyomo, ikaibana klachi mapema pale unapoondoka kwa nguvu. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Impreza ya gia za mkono haina klachi hiyo. Ina difu ya katikati inayogawa nguvu nusu kwa nusu muda wote, ikisaidiwa na kifaa cha silikoni kinachozuia upande mmoja usikimbie peke yake. Sifa nyingi ambazo watu huimwagia Subaru kwa kukumbuka mashindano ya rali hazikulihusu gari la otomatiki la lita 1.5 nililokuwa nikilitazama, na nililazimika kujikumbusha hilo kila muuzaji alipoanza kunisimulia habari za rali.

Nilipata bahati ya kuyajaribu yote mawili kwenye mlima wangu mwenyewe baada ya mvua, kwa kuwa wauzaji wote wawili walikuwa watu binafsi wasio na haraka. Nilisimama katikati ya mlima, nikavuta breki ya mkono, kisha nikaondoka taratibu. Fielder ilikuna udongo kwa gurudumu la mbele la kushoto, pua ikasogea kidogo kuelekea mtaroni, halafu nikasikia msukumo kutoka nyuma na gari likapanda kwa utulivu. Kusubiri huko kulikuwa kufupi kuliko muda ninaoutumia kusimulia habari zake, ila kulikuwapo, na dereva asiyeujua mfumo huu anaweza kushtuka akaachia mafuta wakati uleule ambao sahani zimeanza kushikana. Impreza iliondoka tu. Sikuona udongo ukiruka wala pua ikiyumba, na mwenye gari aliyekuwa ameketi pembeni yangu hakuhitaji kusema neno lolote la kulisifia. Kama uamuzi ungekuwa wa mlima peke yake, ningemaliza biashara palepale.

Kushuka kulileta habari nyingine. Gari lolote hufunga breki kwa magurudumu yake manne, liwe la 4WD au lisiwe, kwa hiyo mfumo wa kupeleka nguvu nyuma hauongezi chochote pale unapotaka kusimama. Kinachoshika udongo ni tairi. Impreza iliyokuwa imepanda kwa madaha ilishuka ikiserereka, mkia ukitaka kutangulia, kwa sababu tairi zake za nyuma zilikuwa zimebaki karibu upara, ilhali Fielder, iliyokuwa na tairi zenye meno marefu pande zote, ilisimama kila nilipoitaka isimame. Kwa upande mmoja jambo hilo liliizidishia Impreza heshima, maana ilikuwa imepanda vizuri zaidi kwa tairi mbovu zaidi. Kwa upande mwingine lilinionyesha kwamba familia yangu ingeteremka mlima ule mara nyingi sawasawa na itakavyoupanda, na kwamba wauzaji wa magari ya 4WD huwa hawazungumzii kuteremka.

Fundi niliyemwomba ayakague hakuanza na boneti. Alilizunguka kila gari akichuchumaa, akasoma maandishi ya ubavuni mwa kila tairi na kupitisha ukucha kwenye mifereji yake. Alipomaliza kuizunguka Impreza, alinyanyuka akaniita.

“Dada, hizi za mbele ni mpya kuliko za nyuma, tena si za aina moja. Ingia, kata usukani mpaka mwisho, liache gari litembee polepole bila kukanyaga mafuta, kisha uniambie unasikia nini.”

“Kama vile kuna mtu amekanyaga breki, fundi,” nilimjibu baada ya kumaliza duara.

“Basi tusubiri kwanza,” alisema. “Usimpe mtu pesa bado.”

Gari linapokata kona, magurudumu yake manne hupita kwenye njia nne za urefu tofauti, na ekseli ya mbele husafiri mbali zaidi kuliko ya nyuma. Lazima pawepo kitu katikati kinachoiruhusu tofauti hiyo, kiwe ni difu, klachi au sahani za silikoni, la sivyo gari hujibana lenyewe na kuziburuta tairi zake kwenye lami. Tairi za nyuma zikiwa zimelika na za mbele zikiwa mpya, mzingo wake haulingani tena, kwa hiyo tofauti ya kasi haingoji kona. Ipo hata gari linapokwenda barabara iliyonyooka kama rula, na klachi hulazimika kuteleza muda wote, ikipata joto na kulika bila dereva kusikia chochote. Ndiyo maana Subaru huwataka wenye magari haya watumie tairi nne za ukubwa mmoja, aina moja na mliko unaokaribiana. Mwenye gari la kawaida hununua tairi mbili leo na mbili mwakani, na hana kosa lolote. Mwenye 4WD ya namna hii akifanya hivyo, anakopa kutoka kwenye giaboksi yake.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimwamini fundi yule. Chini ya boneti, karibu na kisanduku cha fyuzi, Impreza ya otomatiki ina tundu tupu lililoandikwa FWD, yaani kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Alitoa fyuzi ya akiba, akaichomeka humo, taa yenye herufi hizohizo ikawaka kwenye dashibodi, kisha akanirudisha kwenye duara. Safari hii gari lilizunguka kwa ulaini, bila ule mguno wa tairi wala ule ukaidi wa usukani. Fyuzi hiyo huiambia kompyuta iiachie klachi kabisa, gari likabaki kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Laiti mbano ungeendelea hata baada ya hapo, ingemaanisha kwamba klachi au vali yake imeganda, na hiyo ni kazi ya kuigusa giaboksi. Ulipotoweka, tulijua kwamba klachi inaachia, na kwamba mashaka yaliyobaki yalikuwa ya tairi na ya mafuta ya giaboksi, ambayo yalikuwa yameanza kuwa meusi. Muuzaji, ambaye amelimiliki gari hilo kwa muda mrefu, alikuwa hajui kwamba tundu hilo lipo.

Fielder haina tundu la namna hiyo. Sahani zake hupimwa kwa mwenendo wa gari: zikikakamaa, gari hubana kwenye kona, na zikichoka, ekseli ya nyuma haisukumi. Jaribio la duara Fielder ilikuwa imelipita vizuri, na swali la pili lilikuwa limeshajibiwa na mlima. Fundi alijilaza chini yake kwa muda mrefu hata hivyo, akaishika propela shafti na kuitikisa huku na huku, akatazama raba za ekseli kama zimepasuka, na akafungua nati ya kujazia mafuta ya difu ya nyuma ili atie kidole, kwa sababu, kama alivyoeleza, watu wengi hubadilisha oili ya injini kwa utaratibu na kusahau kwamba nyuma kuna chombo kingine chenye mafuta yake.

Hapa sina budi kutaja jambo linalowapotezea wanunuzi muda. Fielder nyingi hutangazwa kuwa za 4WD wakati sizo, pengine kwa nia mbaya, pengine kwa kutojua, kwa kuwa kwa nje zinafanana. Ukweli umeandikwa kwenye kibati cha chuma kilicho sehemu ya injini. Kwa kizazi hiki, NZE121 ni ya lita 1.5 inayovutwa na magurudumu ya mbele, na NZE124 ni ya lita 1.5 ya magurudumu manne. Kwa lita 1.8, ZZE122 ni ya mbele na ZZE124 ni ya manne. Kizazi kilichofuata mwaka 2006 kiliendeleza mtindo huo, NZE141 ikiwa ya mbele na NZE144 ikiwa ya manne. Asiyetaka kukariri namba anaweza kuinama akatazama kama kuna shafti inayopita katikati na difu kati ya magurudumu ya nyuma, na ningeshauri kuinama huko kufanywe hata kwa gari lenye jina la Subaru.

Kuhusu injini, tofauti iliyonigusa haikuwa ya nguvu. Injini ya Fielder, 1NZ-FE, huendesha vali zake kwa cheni, ambayo haina tarehe ya kubadilishwa mradi oili ibadilishwe kwa wakati. Injini ya Impreza, EJ15, hutumia mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na mwenye gari niliyekuwa nikizungumza naye hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ulibadilishwa lini. Plagi za Fielder ziko juu, chini ya kifuniko cha plastiki, kila moja na koili yake iliyoshikwa na bolti moja, na mtu mwenye spana namba 10 na soketi ya plagi anaweza kuzibadilisha mwenyewe. Za Impreza ziko ubavuni, zikitazamana na kuta za gari, na ili kuzifikia fundi hutoa betri upande mmoja na kisanduku cha chujio la hewa upande mwingine. Hakuna lisilowezekana hapo, ila kila huduma huchukua muda mrefu zaidi, na muda wa fundi hulipiwa.

Ni haki pia kusema kwamba Impreza ya lita 1.5 hubebeshwa mzigo usio wake. Maneno mengi kuhusu Subaru kuvuja gasketi ya silinda hedi yametokana hasa na EJ25 ya lita 2.5. Vivyo hivyo, anayedhani kila injini ya Toyota ya wakati huo haina dosari aulize kuhusu 1ZZ-FE ya lita 1.8 ya miaka ya mwanzo, ambayo inajulikana kwa kula oili.

Mwili wa gari ulikuwa na neno lake. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,600 kwa Fielder na 2,525 kwa Impreza, na milimita hizo 75 zilionekana magotini mwa mwanangu mkubwa mara tu alipoketi nyuma. Paa la Impreza huinama kuelekea mkiani, hivyo kigari cha mtoto kilichoingia wima kwenye Fielder kililazwa kwenye Impreza na kumaliza nafasi. Milango ya Impreza haina fremu ya kuzunguka vioo. Kioo hujikandamiza kwenye raba peke yake, na raba ikizeeka upepo hupiga mluzi na vumbi huingia. Niliupitisha mkono kwenye ukingo wa mlango wa dereva, nikautoa na mstari mwekundu wa vumbi. Kwenye kona za lami, hata hivyo, sikuona ubishi: injini iliyolala chini huifanya Impreza ishike barabara kwa namna ambayo Fielder, iliyo nyepesi zaidi, haikuikaribia, na mume wangu, ambaye ndiye aliyeiendesha kurudi, aliomba tuzunguke njia ndefu.

Nilinunua Fielder. Ile hatua ya kusubiri mlimani niliweza kuimudu kwa kujizoesha kukanyaga mafuta kwa kiasi kilekile badala ya kuachia na kukanyaga tena, na mlima wenyewe ni dakika chache za siku iliyobaki lami tupu. Madai ya Impreza yangekuwa ya kila siku: mkanda usiojulikana umri wake, mafuta meusi ya giaboksi, tairi nne mpya kabla ya kulitembeza, na fundi anayejua kazi yake kila plagi zinapofika muda. Ningekuwa napanda udongo asubuhi na jioni nikiwa na mzigo, au ningeipata Impreza yenye karatasi zake zote na tairi zinazolingana, hesabu ingegeuka, na sidhani kama ningejadiliana na nafsi yangu kwa muda mrefu. Magari mawili ya aina moja yaliyotumika huweza kutofautiana kuliko Toyota inavyotofautiana na Subaru, na lililokuwa mbele yangu lilikuwa na daftari la huduma lililojazwa kwa mwandiko uleule tangu mwanzo.

Kazi ya kwanza niliyompa fundi baada ya kununua ilihusu tairi la akiba. Fielder yangu ilikuja na lile jembamba la dharura, ambalo mzingo wake haulingani na yale manne, na kwenye gari lisilo na namna ya kuizima 4WD, kulitembeza mbali ni kuzichemsha zile sahani za silikoni. Mwenye Impreza ya otomatiki ana nafuu hapo, kwani kitabu cha gari humwelekeza kulifunga tairi la dharura nyuma na kuchomeka fyuzi kwenye lile tundu la FWD. Mimi nilitafuta rimu ya ukubwa kamili na tairi la aina ileile kama yale manne, na kila ninapoyazungusha magurudumu kutoka mbele kwenda nyuma nalo huingizwa kwenye zamu, ili lisije likabaki jipya peke yake wakati wenzake wamelika. Halienei vizuri kwenye shimo lake, hivyo sakafu ya buti imeinuka upande mmoja, na kigari cha mtoto sasa husimama kwa kuegemea kidogo.